Hakuna Ajaye Kinyume

12 Novemba 1961, Karatu

Mvua imeanza leo adhuhuri. Mwaka mzima tumetazama mawingu yakitupita kwenda kwa wenzetu, na leo yametukumbuka. Mama mkwe wangu, Bi Hamisa, alitoka uani bila kujifunika kichwa, akasimama pale analowa huku anacheka peke yake, mpaka nikamfuata na upande wa kanga. Mume wangu Hamidi alicheka naye kutoka kitandani. Yeye hawezi kutoka. Mguu wake wa kushoto umefungwa kitambaa tangu mwezi uliopita, alipokanyaga tete lililokatwa kule Munge, likamwingia unyayoni.

Wiki ijayo ni zamu yetu ya kwenda mzunguko, na kwa mguu ule haendi mtu. Akina mama wa mabomani wametuwekea samli. Tusipotokea watampa mwingine, na duka letu ni hiyo samli. Basi nitakwenda mimi. Nililisema jambo hili wakati wa chakula, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha nikaenda jikoni nikaanza kutwanga kinu kitupu.

Mimi ni mwoga. Kwetu Kondoa nilikuwa naogopa hata beberu wa jirani. Bora niandike hapa, maana hapa hakuna wa kunicheka.

15 Novemba

Hamidi amenieleza njia. Nilimwomba arudie, akarudia, nikamwomba tena. Unapanda kutoka Karatu mpaka Lodoare, unapita msituni hadi ukingoni mwa kreta, unashuka ndani upande wa Lerai penye migunga ya manjano. Hapo unaanza kuzunguka mabwawa, maji yakiwa mkono wa kushoto, boma hadi boma, ukibadilisha sukari, majani ya chai, tumbaku na shanga kwa samli. Ukifika kijito cha Munge unaingia matete makubwa, halafu unapanda bonde la kijito mpaka Nainokanoka, na unarudi nyumbani kwa njia ya msitu wa ukingoni. "Unatoka mlango wa mbele, unaingia wa nyuma," anasema.

Penye kazi ni matete ya Munge. Njia ya mle ni upana wa punda mmoja na sogi zake za mizigo, na huku na huku ni maji yasiyo na chini. Punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima atoke njiani, na akitoka ndiyo basi. Kwa hiyo tangu zamani wote wapitao mle, wachuuzi wa samli, wanawake wenye punda, wachungaji wenye ndama, hupita upande mmoja tu, kutoka bwawani kwenda bondeni. Hakuna ajaye kinyume.

"Na kikija kitu mbele yangu?" nikamuuliza.

"Basi si mtu," akasema. "Mle ndani husemi, huiti, huulizi. Kinachokuja mbele yako ni nyati au ni simba. Wahi wewe kupiga. Anayeuliza kwanza harudi kusimulia."

Alisema hayo akiutazama ukuta.

20 Novemba, ukingoni

Nimefika bomani kwa Seenoi, nguo zote zimelowa. Seenoi ndiye mwenye punda. Ni mama wa Kimasai, mjane, mtu mzima, mrefu, mwenye macho ya kukukagua. Kwa wenzetu hawa punda ni mali ya wanawake na kazi ya wanawake. Hamidi akishika kamba ya punda, morani hucheka mpaka wanakaa chini. Mimi hawakunicheka. Ninamwita yeyo, yaani mama, na yeye ananiita mke wa Hamidi.

Alinipa chai ya maziwa, akaniangalia ninavyokunywa. "Mguu wa mume wako unatoa usaha?" akauliza.

"Ulitoa."

"Na sasa?"

"Sasa umefungwa, yeyo."

Akaguna. Sikupenda alivyoguna. Huyu mama ana roho ngumu, na nitakuwa naye njia nzima.

22 Novemba, Lerai

Tumeshuka. Mimi sehemu kubwa nilishuka kwa makalio. Seenoi hakusema neno, ila punda walinitazama.

23 Novemba

Maboma mawili leo, samli nzuri. Ruba aliniuma pajani nikapiga ukelele, na wanawake wa boma zima wakaja kumwona huyo ruba.

25 Novemba, Nainokanoka

Tumepita matete. Niandike upesi kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa vibaya.

Matete yale yamemzidi mtu kimo mara mbili. Ukiingia, mbingu inabaki mstari tu juu ya kichwa chako. Maji ya njiani yalikuwa ya kifundo, lakini kando ya njia Seenoi alichomeka fimbo yake ndefu ikazama yote, kisha akanigeukia kuhakikisha nimeona. Yeye alitangulia na panga mkononi, punda wakafuata, mimi nikawa wa mwisho. Kuwa wa mwisho ni kugeuka nyuma kila hatua. Unasikia maji, pumzi za punda na moyo wako mwenyewe.

Katikati ya njia kiboko alikoroma. Alikuwa mbali, najua sasa kwamba alikuwa mbali. Pale nilikojoa. Naandika kwa kuwa ni kweli, na nilishukuru kwamba nimesimama majini.

Tulipotokea bondeni, kijito kinapita juu ya mawe na jua limewaka kidogo, nilikaa chini nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Seenoi aling'oa nyasi mbichi, akazichomeka kwenye fundo la kanga yangu begani. "Nyasi ni za kushukuru," akasema. "Usizitoe mpaka zikauke."

28 Novemba, Karatu

Nimefika nyumbani. Hamidi aliushika uso wangu kwa viganja vyake viwili. Kitu cha kwanza alichouliza: "Ulisikia kitu mle?"

"Kiboko."

"Kando yako? Kinatembea na wewe?"

"Mbali."

Akashusha pumzi. Nilipenda alivyonihofia.

9 Desemba

Uhuru. Mvua imenyesha siku nzima, na watu wamecheza ngoma kwenye tope jekundu mpaka magotini. Hamidi naye alicheza, na kwa furaha aliisahau fimbo yake ukutani. Bi Hamisa akamletea mbio, akamwambia jambo sikioni. Tulirudi nyumbani akiwa anachechemea vizuri tu. Nimechoka kwa kucheka.

30 Desemba

Mvua. Vuli haitaki kwisha. Barabara ya Arusha imekatika na hakuna lori lililofika.

13 Januari 1962

Kesho naenda tena. Nilitarajia Hamidi angepona. Mguu, anasema, unamchoma kwa ndani. Nimeufua msuli wake mzuri na kumpikia maharage ya nazi ili nisimwonyeshe kwamba nimevunjika moyo. Nimetapika nyuma ya choo. Si mimba, ni woga.

19 Januari, Nainokanoka

Tumepoteza punda.

Maji yamepanda. Njia ya matete haionekani tena, unaitafuta kwa nyayo chini ya maji ya magotini, na palipo laini ndipo pa kufa. Seenoi alikuwa akisimama, anapapasa kwa mguu, anasogea, anasimama. Kila aliposimama nilisikia kitu upande wa kulia, ndani ya matete, nacho kinasimama. Tukienda kinakwenda. Hakikukoroma wala hakikupumua. Nilijiambia ni mawimbi yetu wenyewe yanayogonga matete na kurudi, na sasa nikiwa juu hapa penye moto nadhani ndivyo ilivyokuwa. Lakini mle ndani nilikuwa na hakika kwamba kinanichagua mimi.

Punda wa katikati naye alikisikia, au alisikia woga wangu. Alirusha kichwa, akaweka mguu mmoja nje ya njia, na sogi zikamvuta. Sikuwahi kuona kitu kikienda upesi hivyo bila kelele. Seenoi alirudi kwa hatua mbili, akakata kamba za sogi kwa panga, samli ikazama, na punda akabaki anatutazama, pua na masikio tu juu ya maji. Tulimvuta kwa kamba ya shingo. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka. Kisha Seenoi akanishika mkono akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Acha. Atakuvuta wewe." Nami nikaacha. Masikio ndiyo yaliyokwenda mwisho.

Seenoi alinishika mkono hivyo hivyo mpaka tulipotoka. Hakunilaumu. Nilimwambia pole nikiwa nalia, akanijibu kwamba punda yule alizaliwa mikononi mwake mwenyewe, usiku wa baridi, miaka mingi iliyopita, na alikuwa mkaidi tangu siku ile. Halafu akageuka upande, akajifuta uso kwa shuka. Nilisema ana roho ngumu. Nafuta maneno hayo.

24 Januari, Karatu

Nimemsimulia Hamidi yote. Nilipofika kwenye kile kitu kilichokuwa kinatembea nasi, alinyanyuka akaenda mlangoni, akasimama ananipa mgongo. "Mara nyingine usiende," akasema. Nikamuuliza basi ataenda nani.

10 Februari

Ramadhani, siku za mwanzo. Mvua. Duka lina chumvi, viberiti na mimi.

17 Februari

Asubuhi nikiwa bado nimejilaza namsikia Hamidi ukumbini akienda kutawadha. Hatua nzima, kisha ya kuburuta. Hatua nzima, kisha ya kuburuta. Ni sauti ya unyonge, lakini nimeizoea na inanituliza. Maana yake mtu wangu yuko nyumbani, hayuko matopeni.

Nilimuuliza Bi Hamisa kama anadhani mguu utapona. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Mguu wa mwanangu utapona mvua zikikoma," akasema.

8 Machi

Idi. Nyama kidogo, mvua nyingi.

24 Machi

Seenoi amekuja mwenyewe mpaka dukani, macho mekundu, mikono imejaa alama za kuumwa. Anasema nzi wameingia kreta. Si nzi wa nyumbani, ni nzi wanaouma, wameletwa na maji haya yasiyokauka. Ng'ombe wanatoka damu. Simba ndio walioteseka zaidi. Wamejaa vidonda, wamekonda, wanapanda miti na kujilaza majini ili kuwakimbia nzi, na kwa njaa wanaingia mabomani mchana kweupe. Hata hivyo akina mama wa kule hawana sukari wala majani ya chai tangu Januari, na samli imejaa vibuyu. Wametuma neno kwamba wanatungoja sisi.

Mwanawe Parsimei, ambaye ni morani, atatusindikiza na mkuki.

Jioni nilimwambia Hamidi. Akasema, "Usiende, Mwamini."

"Basi nenda wewe."

Aliutazama mguu wake. Nami niliutazama. Kitambaa kilikuwa kisafi, na sikukumbuka ni lini mara ya mwisho nilikiona na doa. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Kicheko sijakisikia nyumba hii," nikamjibu. Tumelala tumepeana migongo.

27 Machi

Naondoka. Nimemuaga mama mkwe. Hamidi nilimuaga nikiwa nimeshamgeuzia kisogo.

30 Machi, Lerai

Nzi. Wanaingia chini ya kanga, masikioni, machoni. Seenoi amenipaka samli na majivu uso mzima na punda pia amewapaka. Tukijitazama tungecheka, lakini ukifungua mdomo wanaingia.

Leo nimemwona simba kwa macho yangu. Jike, mbavu nje, mgongo na miguu ni vidonda vitupu. Alikuwa akitembea majini kando ya matete, anachechemea, hatua nzima kisha ya kuburuta. Alitupita karibu kiasi cha kumsikia akitoa pumzi. Parsimei alinyanyua mkuki, hakurusha. Baadaye alisema, "Huyu hawezi tena kukimbiza pundamilia. Sasa anatafuta kitu kinachotembea polepole."

Sisi ndio tunaotembea polepole.

3 Aprili

Tumefika boma la mwisho kabla ya Munge. Kijito kimefurika. Hatuwezi kuvuka.

5 Aprili

Bado.

6 Aprili

Bado. Simba ameingia zizini asubuhi wakati wa kukama, akachukua ndama mbele ya wanawake. Namelok, mama mwenye boma, alimpiga kwa kibuyu cha maziwa. Simba hakukimbia, aliondoka tu taratibu na ndama wake. Namelok ameketi tangu saa ile na kipande cha kibuyu mkononi.

7 Aprili

Bado. Leo ndiyo siku niliyomwambia Hamidi kwamba nitakuwa nyumbani. Nimemkumbuka sana. Kama nitakufa mle, neno langu la mwisho kwake lilikuwa la kejeli. Nimemwomba Mungu aniache nifike tu, nimwambie neno moja zuri.

10 Aprili, bonde la Munge

Sitaki kulala kabla sijaandika.

Asubuhi maji yalipungua, tukaingia matete. Parsimei alitangulia na mkuki. Seenoi alikataa niwe wa mwisho, akaniweka nyuma ya mwanawe, yeye akashika punda. Maji yalikuwa ya mapajani. Nzi walikuwa juu yetu wingu zima, na hakuna aliyethubutu hata kuwapiga, kwa ajili ya kelele. Tulikwenda hivyo mpaka katikati, nadhani pale pale alipozama punda.

Parsimei akasimama. Nikasimama. Mbele yetu, njia inapopinda, kulikuwa na kitu majini. Kinakuja.

Kila mtu alijua maana yake. Hakuna ajaye kinyume. Parsimei aliinua mkuki, akavuta mkono nyuma, akasubiri kikaribie kona ya matete. Nyuma yangu nilimsikia Seenoi akilichomoa panga. Kitu kikaendelea kuja. Hatua nzima, kisha ya kuburuta. Hatua nzima, kisha ya kuburuta.

"Ni yule jike," Parsimei alinong'ona, midomo tu.

Nami nilifikiri hivyo. Nilimwona akilini mbavu na vidonda, nikasema shahada kimoyomoyo. Kisha nikasikiliza tena, kwa kuwa woga humfanya mtu asikilize kupita kiasi. Sauti ile nilikuwa nimeisikia asubuhi zote za Ramadhani nikiwa kitandani. Na wakati huo huo nilikuwa nimeisikia Lerai kwa simba. Zilikuwa sauti moja. Sikuwa na hakika hata kidogo. Nilichokuwa nacho ni kwamba kama ni simba na nikanyamaza, Parsimei atamchoma na tutapona. Na kama ni simba na nikaita, tutakufa sote, Seenoi, mwanawe na mimi. Na kama si simba.

Niliushika mkono wa Parsimei. Mwanamke hashiki mkono wa morani ulioinua mkuki, nadhani hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Nikaita, "Hamidi!" Nililiita kwa sauti yote niliyo nayo, katikati ya matete, jina la mume wangu, ambalo hata nyumbani silitamki mbele za watu.

Mkuki ulikuwa umeshaondoka. Ulikwenda upande, ukapita matete kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Kisha kimya. Hatua zile zilikoma.

"Mwamini," sauti ikasema. "Ni mimi. Usinifokee bado."

Alitokea penye kona, maji kifuani kwa kuwa alikuwa ameteleza, taa ya chemli isiyowashwa mkononi, uso umevimba kwa nzi. Analia waziwazi. Mkuki ulikuwa umesimama kwenye shina la matete, ukitikisika, pale ambapo kifua chake kingekuwa hatua moja baadaye. Alikuwa amengoja tarehe saba ipite, na ya nane ipite, kisha akachukua taa akaondoka. Alipita msitu wa ukingoni hadi Nainokanoka, akashuka bonde, akaingia matete kinyume ili atukute upesi. Alisema hakuita kwa kuwa mle ndani sauti yake haikutoka, ingawa alijaribu.

Parsimei aliketi majini pale pale, akatapika. Morani. Seenoi alipita kati yetu, akaurudisha mkuki kwa mwanawe, akang'oa majani ya matete kwa kuwa nyasi hazikuwepo, akayaweka mkononi mwa Hamidi, akamtemea mate ya baraka kichwani. "Wewe ni wa kwanza kuja upande huo," akamwambia. "Usirudie."

"Lakini umekuja," akaongeza.

11 Aprili, Nainokanoka

Asubuhi kijitoni Hamidi alikuwa anaosha miguu, nami nimekaa karibu, nimejawa na furaha mpaka najionea haya. Nilitaka kumfunga kidonda. Nikaona ameweka mguu wa kulia juu ya jiwe. Kiatu chake cha kulia cha katambuga kilibaki matopeni na unyayo umechanika, ndiyo maana alikuwa anachechemea. Nikamwomba anipe wa kushoto.

Hakutaka. Kisha akanipa. Haukuwa na kitambaa. Unyayoni kulikuwa na kovu dogo jeupe, limekauka zamani.

"Ulipona lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya Uhuru."

Akasema yote, akiutazama mto. Mwezi wa Oktoba alipokuwa mle mateteni, wa mwisho nyuma ya Seenoi na punda, kitu kilitembea naye kando, kikisimama akisimama. Alipokanyaga tete lile alishukuru, kwa kuwa lilimpa sababu. Mguu ulipopona, woga haukupona. Mama yake alijua. Kila nilipoondoka yeye Hamidi alijiapiza kwamba nikirudi atasema, na kila niliporudi salama alijiambia, basi, mwenzangu anaweza. "Nilikutuma mahali nisipoweza kwenda," akasema. "Halafu ulipochelewa nikapata woga mwingine, mkubwa kuliko ule. Huo ndio ulionisukuma."

Sikumpiga. Nilijaza maji kikombe nikammwagia kichwani, nikaondoka.

13 Aprili, Karatu

Sisemi naye. Na mama yake pia sisemi naye. Anapika vizuri kupita kawaida.

20 Aprili

Nimekasirika mpaka meno yanauma. Lakini kuna kitu kingine, na hicho ndicho kinaniamsha alfajiri. Nilidhani nilimtambua. Nimekuwa nikijisifu moyoni kwamba mke hujua hatua za mumewe. Sauti niliyoijua ilikuwa ya mguu wa kushoto, tena ilikuwa ya uongo. Niliyoisikia majini ilikuwa ya mguu wa kulia, ya kweli. Sikumtambua mtu. Nilibahatisha, na Parsimei alikuwa mvumilivu kwa kitambo cha pumzi moja. Hamidi asingekuwa anachechemea ningenyamaza.

Nikifikiri hivyo, hasira inakosa mahali pa kusimama, inakaa chini.

2 Mei

Nimemwambia Hamidi lile neno moja zuri nililomwomba Mungu nifike kulisema. Sitaliandika.

24 Juni

Mvua zimekoma. Nzi wanapungua, anasema Seenoi, na kreta inanuka nyasi zinazokauka. Amenunua punda mwingine, naye anamwita kwa jina langu, kwa kuwa anaogopa kila kitu na bado anakwenda.

Mzunguko wa kesho anakwenda Hamidi mwenyewe. Amekataa nisimame badala yake. Leo nimemwangalia akifunga sogi uani, anatembea huku na huku sawasawa, miguu yote miwili mizima, na anajua kwamba namwangalia. Ameifunga kamba moja mara tatu. Nilikwenda nikamsaidia fundo, nikamwambia maji ya matete sasa ni ya kifundo tu.

"Na nikichelewa?" akauliza. "Utafanya nini?"

Nilimwambia sitangoja hata siku moja ipite. Nitapita msitu wa ukingoni mpaka Nainokanoka, nitashuka bonde, na nitaingia matete kinyume. "Nitakuja nikichechemea," nikasema. "Mwambie Parsimei."